Kichwa Kimoja, Mikia Mingi: Mwongozo Kamili wa Asidi za Kaboksili Ukiwa Jikoni

Kila likizo ya Agosti, watahiniwa wa kidato cha nne wa mtaa wetu huku Umoja huja kwangu na madaftari yao ya kemia. Kabla hawajayafungua, napanga vitu vitano juu ya meza ya jikoni: chupa ya siki, pakiti ya maziwa lala, ndimu, sabuni ya kipande na tembe ya aspirini. Nawauliza, hivi vina undugu gani? Wengi wanaweza kuchora asidi ya ethanoiki bila kukosea hata mstari mmoja, lakini hawajui kwamba ndiyo hiyo wanayonyunyiza kwenye chipsi. Jambo hilo huniuma. Mtoto anakariri maumbo kana kwamba ni ya nchi ya mbali, kumbe amekulia nayo ndani ya nyumba.

Undugu wa vitu hivyo ni huu: kila kimoja kina molekuli zenye kichwa cha aina moja, kile kinachoandikwa COOH na kuitwa kikundi cha kaboksili, au chumvi iliyotokana na kichwa hicho. Kinachotofautiana ni mkia. Kichwa ndicho kinacholeta uchachu na kazi zote za asidi. Mkia ndio unaoamua kama kitu kitayeyuka majini, kitanuka, kitageuka sabuni au kitakuwa dawa. Shika mambo hayo mawili, na kila hatua iliyo hapa chini utaielewa bila kukariri.

Tafuta vitu hivi mapema: kabeji moja ya zambarau, siki nyeupe ambayo lebo yake inaonyesha asilimia ya asidi, ndimu mbili, pakiti ya bikaboneti ya soda (si hamira, wala si ule unga wa kuumulia keki uliochanganywa na wanga), bomba la sindano la mililita 10 lisilo na ncha kutoka duka la dawa, mizani ndogo ya jikoni, sabuni ya kipande ya kufulia, lita moja ya maziwa, vijiti vya kuchokolea meno, karoti, viazi na minji mbichi.

Hatua ya 1: Jenga molekuli kwa mboga

Kata karoti na viazi vipande vidogo vinavyolingana. Kipande cha karoti ni atomu ya kaboni, cha kiazi ni oksijeni, na punje ya minji ni haidrojeni. Kila kijiti ni kifungo kimoja kati ya atomu mbili. Sheria ni moja tu, nayo haivunjwi: kaboni ina mikono minne, oksijeni miwili, haidrojeni mmoja. Ukimaliza kujenga, pasiwe na mkono uliobaki mtupu.

Anza na karoti moja. Ichome vijiti viwili sambamba, kisha uvielekeze vyote kwenye kiazi kimoja. Hapo kaboni imetumia mikono miwili, na kiazi hicho kimemaliza mikono yake. Sasa choma kijiti cha tatu kwenye karoti ile ile, ukifikishe kwenye kiazi cha pili. Kiazi hiki cha pili bado kina mkono mmoja, basi ukifunge na minji. Umekwisha kujenga kichwa. Kilaze mezani, upange majirani watatu wa karoti kwa pembe zinazokaribia nyuzi 120. Kichwa hiki ni bapa, hakina mgongo wala tumbo.

Mkono wa nne wa karoti ndio mahali pa mkia. Ukiufunga kwa minji, unapata asidi ya methanoiki, HCOOH, ndogo kuliko zote: vipande vitano na vijiti vitano. Ukiufunga kwa karoti nyingine yenye minji tatu, unapata asidi ya ethanoiki, CH3COOH, ile ya siki. Hesabu: vipande vinane, vijiti vinane. Ukipata vijiti saba, kifungo maradufu kimekuponyoka.

Watahiniwa wengi hupoteza alama hapa. Unapohesabu kaboni ili kuipa asidi jina, kaboni ya kichwa nayo huhesabiwa, tena ndiyo namba moja. CH3CH2COOH ina kaboni tatu, si mbili, kwa hiyo ni propanoiki.

Sasa shika ile minji iliyo kwenye kiazi cha pili, uing'oe. Hicho ndicho kitendo cha asidi: haidrojeni huondoka peke yake, ikiiacha elektroni yake nyuma. Mwulize mwanafunzi: pombe nayo ina oksijeni iliyoshika haidrojeni, mbona si chachu? Jibu liko kwenye kiazi kile cha kwanza. Haidrojeni ikiondoka kwenye pombe, chaji hasi inayobaki huibebesha oksijeni moja mzigo wote. Kwenye asidi yetu, mzigo huo hugawanywa kwa oksijeni mbili sawa kwa sawa, hata vifungo viwili vya kaboni na oksijeni huwa na urefu uleule. Mzigo uliobebwa na wawili hauelemei, kwa hiyo haidrojeni huachiliwa kwa urahisi zaidi. Mimi huona hili ndilo wazo lenye thamani kuliko yote katika sura nzima ya asidi hizi, na linafundishwa kwa sentensi moja ya haraka wakati kengele ikilia.

Hatua ya 2: Ongeza mkia, nusa tofauti

Usiivunje molekuli yako bado. Ongeza karoti moja moja kwenye mkia, na kila unapoongeza, jiulize kitu hicho umewahi kukutana nacho wapi.

Kaboni moja: methanoiki. Ukipanda mwembe pwani ukavamiwa na majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani, unachorushiwa ni asidi hii. Mwingereza John Ray aliandika mwaka 1671 jinsi alivyoipata kwa kukeneka chungu, na jina lake la zamani katika lugha za Ulaya linatokana na neno la Kilatini la chungu. Siafu, ingawa wanauma kwa nguvu zaidi, si wa ukoo unaotoa asidi hii.

Kaboni mbili: ethanoiki. Watu wa pwani wameitengeneza tangu zamani kwa kuliacha tembo la mnazi lichache likiwa wazi. Bakteria huchukua alkoholi na oksijeni ya hewani na kutoa siki. Ndiyo maana pombe iliyofunikwa vizuri haiwi siki upesi: hewa haiingii.

Kaboni nne: butanoiki, harufu ya samli iliyochacha na ya matapishi. Kaboni sita, nane na kumi: hizi zilipewa majina kutokana na neno la Kilatini la mbuzi, na aliyewahi kukaa karibu na beberu hahitaji maelezo. Kikwapa na harufu ya viatu vilivyofungiwa siku nzima pia hutokana na asidi za namna hii zenye mikia mifupi na ya wastani, zinazotolewa na bakteria wa ngozi.

Kisha harufu inakata. Kaboni 12 ni asidi ya lauriki, ambayo huchukua karibu nusu ya asidi zote zilizofungwa ndani ya mafuta ya nazi. Kaboni 16 ni palmitiki, ya mawese. Kaboni 18 zilizoshiba haidrojeni ni steariki, ambayo ni nyingi katika mafuta ya ng'ombe. Hazinuki kwa sababu mkia mrefu huzifanya nzito, haziruki hewani kufika puani. Na majini je? Nne za kwanza huchanganyika na maji kwa kiasi chochote utakacho. Zaidi ya hapo, mkia unaogopa maji kuliko kichwa kinavyoyapenda, na asidi huanza kuelea kama mafuta.

Wapo pia wenye vichwa zaidi ya kimoja. Asidi ya ndimu, yaani sitriki, ina vichwa vitatu. Ile ya ukwaju, tatariki, ina viwili. Ya mchicha na spinachi, oksaliki, ni vichwa viwili vilivyoshikana bila mkia wowote, na ndiyo inayoyafanya meno yakwaruze baada ya kula spinachi. Asidi ya maziwa lala, laktiki, ina kichwa kimoja na kikundi cha OH kwenye mkia. Mtu aliyezitenga nyingi kati ya hizi ni Carl Wilhelm Scheele, mfamasia wa Sweden: laktiki kutoka maziwa yaliyoganda mwaka 1780, sitriki kutoka maji ya limau mwaka 1784, na maliki ya matofaa mwaka 1785. Alifanya hayo kwa vyombo ambavyo maabara ya shule ya kata leo ingevizidi.

Vitamini C si ya ukoo huu, japo ni chachu na huitwa asidi. Haina kichwa cha COOH. Ukiiona kwenye swali la kuchagua, usihadaike.

Kabla ya kuendelea, jenga asidi za ethanoiki mbili na uzielekeze vichwa kwa vichwa. Utaona minji ya hii inaangalia kiazi cha kwanza cha ile, na ya ile inaangalia cha hii. Zinashikana mara mbili. Kwa sababu ya mshiko huo, asidi safi ya ethanoiki huchemka kwa nyuzi 118 za Selsiasi, ilhali propanoli, yenye uzito uleule wa molekuli, huchemka kwa nyuzi 97. Na huganda kwa nyuzi 16.6. Hapa Nairobi usiku wa Julai hushuka chini ya hapo, kwa hiyo chupa ya asidi safi katika kabati la maabara huweza kukutwa asubuhi ikiwa na mabonge kama ya barafu. Haijaharibika. Iachwe mahali penye joto la kawaida iyeyuke yenyewe. Isiwekwe juu ya moto, maana mvuke wake huwaka na maji yake huunguza ngozi.

Hatua ya 3: Tengeneza kipimo cha rangi

Katakata robo ya kabeji ya zambarau, mimina maji yanayochemka hadi yaifunike, ngoja dakika 15, chuja. Maji hayo ni ya zambarau. Yagawe kwenye vikombe vya kioo, kisha uongeze kijiko cha siki katika cha kwanza, maji ya ndimu cha pili, mala (yaani maziwa lala) cha tatu, bikaboneti iliyoyeyushwa cha nne, na kipande kidogo cha magadi ya kulainishia githeri cha tano.

Siki na ndimu hugeuza maji kuwa mekundu yenye upinki. Mala huleta waridi hafifu, ingawa weupe wa maziwa utakusumbua kidogo. Bikaboneti huleta buluu, na magadi huisukuma hadi kijani.

Siki ya asilimia 5 ina pH ya karibu 2.4 (pH ni kipimo cha uchachu: kadiri namba inavyoshuka, ndivyo uchachu unavyozidi). Hapo mwanafunzi huuliza kwa nini basi tunaimwaga kwenye chakula, ilhali asidi ya betri inatoboa nguo. Ni swali zuri. Katika siki, kati ya molekuli 1000 za asidi ni kama nne au tano tu zilizoachilia haidrojeni yao kwa wakati wowote ule. Nyingine zote zimeishikilia. Asidi ya betri huachilia yake papo hapo. Lakini zile 995 hazijalala. Kadiri zile chache zinavyotumika, nyingine huachilia na kujaza pengo. Kwa hiyo asidi dhaifu hufanya kazi polepole, ila haiishiwi upesi. Kumbuka hilo utakapofika kwenye birika: dawa yake ni muda na joto, si kusugua kwa nguvu.

Hatua ya 4: Pima nguvu ya siki yako

Hatua hii naipenda kuliko zote, kwa sababu mwanafunzi anapata jibu ambalo halikuandikwa popote isipokuwa kwenye lebo, na anaweza kuihukumu lebo yenyewe.

Pima gramu 4.2 za bikaboneti ya soda. Iyeyushe kwa maji, kisha ongeza maji hadi jumla iwe mililita 100. Huo ni mchanganyiko wa nusu moli kwa lita (moli ni kipimo cha kuhesabia molekuli kwa mafungu), kwa kuwa moli moja ya bikaboneti ni gramu 84. Vuta mililita 10 za siki kwa bomba la sindano uzitie kwenye kikombe cheupe, ongeza vijiko viwili vya maji ya kabeji. Suuza bomba vizuri, kisha livute mchanganyiko wa soda.

Dondosha soda mililita moja moja huku ukikoroga. Povu litapanda, ngoja litulie kila mara. Rangi itabaki nyekundu kwa muda mrefu. Ukifika mililita 12 hivi, punguza mwendo, dondosha nusu nusu. Wekundu ukipotea na zambarau kurudi, na tone jipya lisipoleta povu tena, simama. Soma jumla ya mililita ulizotumia, uzidishe kwa 0.3. Jibu ni asilimia ya asidi katika siki yako.

Hiyo 0.3 imetoka wapi? Mililita moja ya soda yetu ina moli 0.0005. Kila moli ya soda hula moli moja ya asidi, na moli ya asidi ya ethanoiki ni gramu 60. Kwa hiyo kila mililita imekula gramu 0.03 za asidi. Gramu 0.03 ndani ya mililita 10 ni sawa na 0.3 ndani ya 100. Siki ya asilimia 5 itakula karibu mililita 16.7. Usitarajie usahihi wa maabara, kwani hewa ukaa inayobaki kwenye maji huivuruga rangi kidogo. Rudia mara tatu, uchukue wastani.

Kwa wapishi, hesabu hiyohiyo inasema mililita 100 za siki ya asilimia 5 hutosheka na gramu 7 za bikaboneti. Hewa ukaa inayotoka, kwa joto la kawaida, ingejaza lita mbili hivi kule Mombasa. Hapa Nairobi, tulipo mita 1,700 na ushei juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na hewa ukaa ileile hutanuka hadi karibu lita mbili na nusu. Kwa sababu hiyo usifanye jaribio hili kamwe ndani ya chupa iliyofungwa kizibo.

Hatua ya 5: Birika, kutu, na mahali pasipofaa siki

Ukoko mweupe wa birika ni kalsiamu kaboneti kwa sehemu kubwa. Maji ya mfereji ya Nairobi si magumu sana, ila aliyeishi pwani na kuteka maji ya visima vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe anaujua ukoko huo vizuri. Changanya siki na maji nusu kwa nusu hadi uufunike. Pasha moto, zima kabla haujachemka sana, acha nusu saa. Povu dogo utakaloliona ni hewa ukaa, na kalsiamu iliyokuwa jiwe sasa ni chumvi inayoyeyuka. Mwaga, suuza, chemsha maji matupu mara moja na uyamwage. Ukoko ukibaki, rudia. Usichukue msasa.

Kwa kisu au panga lenye kutu, tumbukiza chuma ndani ya siki tupu usiku kucha. Asubuhi sugua kwa brashi, osha kwa maji yenye kijiko cha bikaboneti ili kuua asidi iliyojificha kwenye vinyweleo vya chuma, kausha mara moja, paka mafuta. Ukiruka bikaboneti na mafuta, kutu mpya itaota kabla ya jioni. Mabati na ndoo za bati usizitie: asidi itaanza na zinki inayozilinda, na utabaki na chuma kitupu.

Sakafu ya terazo, ambayo nyumba nyingi za zamani za jiji hili zinayo, ina vipande vya mawe ya kaboneti. Siki na ndimu huila kama zinavyokula ukoko wa birika, na mng'ao ukiondoka haurudi bila mashine. Sufuria za alumini, kama zile zinazofuliwa na mafundi wa Kamukunji, zinafaa kwa ugali na chai, lakini usilaze ndani yake mchuzi wa ukwaju, achari wala kachumbari. Asidi huyeyusha ngozi nyembamba inayoilinda alumini, na chakula huchukua ladha ya chuma.

Na onyo ambalo sitachoka kulirudia: usichanganye siki, ndimu wala asidi yoyote na jiki. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na bafu zetu ni ndogo, madirisha yake ni ya kuchungulia tu. Ikitokea kwa bahati mbaya, toka nje kwanza, mengine baadaye.

Hatua ya 6: Ifanye sabuni irudi kuwa asidi

Kwangua kijiko kimoja cha sabuni ya kipande, iyeyushe kwenye kikombe cha maji ya moto. Maji yatakuwa na ukungu hafifu. Mimina vijiko vitatu vya siki, koroga taratibu. Papo hapo maji huwa meupe kama maziwa, na baada ya dakika chache mabonge laini huelea juu. Chukua kidogo kati ya vidole: ni mafuta yanayoteleza, hayatoi povu tena.

Sabuni ni asidi yenye mkia mrefu ambayo kichwa chake kimebadilisha haidrojeni kwa sodiamu. Kichwa hicho chenye chaji hupenda maji, mkia hupenda mafuta, kwa hiyo molekuli husimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, na kuvuta uchafu wa mafuta uingie majini. Siki imerudisha haidrojeni mahali pake. Kichwa kimepoteza chaji, mkia umeshinda, na asidi imejitenga na maji.

Kwa hiyo ushauri wa kuchanganya siki na sabuni ya kipande ili kufulia vizuri zaidi unaharibu vyote viwili. Fua kwa sabuni kwanza, suuza, kisha kama unataka, tia siki kidogo kwenye maji ya mwisho. Jaribu pia na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Nyingi hazitaganda, kwa kuwa vichwa vyake si vya ukoo wa COOH.

Hatua ya 7: Gandisha maziwa lala

Nunua lita moja kwenye ATM ya maziwa, yaani mashine ya kuuzia maziwa, uyachemshe vizuri hata kama mwenye duka amekuhakikishia. Yaache yapoe hadi kidole kisihisi moto wala baridi. Ongeza vijiko vitatu vya mala ambayo bado ina bakteria hai, koroga mara chache, funika, uweke mahali patulivu kwa saa 18 hadi 24. Msimu wa baridi vika sufuria blanketi, na uhesabu saa zaidi.

Kinachotokea humo ni kazi ya bakteria. Wanachukua sukari ya maziwa, na molekuli moja yake inaweza kutoa hadi nne za asidi ya laktiki. Maziwa mabichi yana pH ya karibu 6.7. Ikishuka hadi 4.6, protini ya kaseini hupoteza chaji iliyokuwa ikizitenganisha chembe zake, nazo hushikana na kuganda. Ukikamulia ndimu kwenye chai ya maziwa unaona jambo hilohilo likitokea kwa sekunde, ila kwa vurugu, na mabonge yake hayana ulaini wa mala. Wakalenjin huchachusha mursik, maziwa yao ya kuganda, ndani ya kibuyu kilichopakwa masizi ya mti maalumu, na kazi ya uchachu humo ni ya asidi hii hii.

Mala hukaa kuliko maziwa mabichi kwa sababu ya namna asidi dhaifu zinavyowaingilia vijidudu. Molekuli iliyoshikilia haidrojeni yake haina chaji, kwa hiyo hupenya ukuta wa bakteria. Ikifika ndani, ambako hakuna uchachu, huiachilia, na bakteria huchafuka kutoka tumboni. Sodiamu benzoeti, chumvi ya asidi ya ukoo huu inayozuia chakula kuharibika, ile E211 unayoisoma kwenye soda na sosi ya nyanya, hutegemea njia hiyohiyo. Ndiyo sababu huwekwa kwenye vyakula vichachu tu. Nusu ya asidi yake hubaki bila chaji pH ikiwa 4.2, na kadiri uchachu unavyopungua, nguvu yake hufifia.

Ukitengeneza achari ya kuweka kabatini, tumia siki ambayo nguvu yake unaijua, ya asilimia 5, wala usiipunguze kwa maji kuliko mapishi yanavyosema. Chini ya pH 4.6 kijidudu cha botulizimu hakioti. Siki ya nyumbani ya maganda ya nanasi ni tamu kwenye kachumbari ya leo, lakini usiiamini kwa achari ya miezi.

Hatua ya 8: Nusa tembe kabla ya kumeza

Rudi kwenye meza, uchukue aspirini. Ndani yake mna kichwa kilekile cha COOH, safari hii kikiwa kimeshikana na duara la kaboni sita. Pembeni yake amebandikwa ndugu yake wa siki, asidi ya ethanoiki, iliyofungwa kwa kifungo cha esta, yaani kile kinachounganisha kichwa cha asidi na kikundi cha OH. Felix Hoffmann aliitengeneza ikiwa safi katika kampuni ya Bayer, Ujerumani, mwaka 1897. Ibuprofeni nayo ina kichwa cha COOH.

Esta ile ina adui mmoja, nayo ni unyevu. Chupa ikiachwa wazi bafuni, maji ya hewani hukata kifungo na asidi mbili huachana. Fungua chupa yako ya zamani uinuse. Ikinuka siki, dawa imeanza kuvunjika. Usiimeze, irudishe kwa mfamasia iharibiwe, na mpya uiweke pakavu, mbali na mvuke wa jikoni. Mtoto mwenye homa usimpe aspirini bila agizo la daktari, hata kama chupa haina harufu yoyote.